Kionga kwa Njia ya Makunduchi

Macho ya Mzee Amuri ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Nalisema hili mapema, kwa sababu wanaonijua hapa Mkunazini watadhani nimefukuzwa na mke. Mimi ni mtu wa kukaa. Duka langu la viungo liko chini, kitanda changu kiko juu, na ngazi iliyo baina yao naihesabu kuwa safari tosha. Nilipomwambia mke wangu, Zarina, kwamba kesho nnakwenda Makunduchi, alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Makunduchi ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Wewe ukifika Mwanakwerekwe tu unarudi unaumwa na kichwa. Makunduchi utarudishwa kwa machela."

Nikashuka dukani, maana ni kweli.

Mzee Amuri amefanya kazi ya shamba Kizimbani tangu ujana wake. Mdalasini na manjano tunayouza, yeye ndiye aliyekuwa akimletea marehemu baba yangu, tangu mimi nikivaa kaptura ya skuli. Alizaliwa hukohuko Kizimbani, akaoa huko, akazika mke huko. Sasa ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, na la kulia daktari amemwambia atumie dawa na amshukuru Mungu kwa kila siku linayomwonesha. Mwanawe wa pekee, Sharifa, ameolewa Maskati, na ametaka kumchukua Umra kabla jicho hilo nalo halijafunga. Mzee akanambia dukani: "Kusali nitasali popote. Lakini ile nyumba nataka niione."

Kuiona kunataka pasipoti, na pasipoti inataka kitambulisho cha mtu wa hapa. Hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu alipoulizwa ofisini baba yake alitoka wapi, Mzee Amuri alijibu: Kionga. Mwenye kuuliza akatazama ramani kwenye simu yake, akaona Kionga iko kusini ya mto Ruvuma, ndani ya Msumbiji. Akasema kwa adabu kabisa kwamba, kumbe mzee ni mgeni. Akipatikana mtu mzima aliyemjua baba yake, aseme mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, kwamba alitoka upande wa huku wa mto, basi jambo litaangaliwa upya.

Waliomjua baba yake wote wamekwisha, kasoro Bi Mize, mjane wa aliyekuwa nokoa, msimamizi wa wafanyakazi pale shamba. Mumewe alipokufa alirudi kwao Makunduchi, na siku hizi hatoki ila kwenda uani. Sheha wa kwao akakubali kumsikiliza nyumbani, na siku akaichagua mwenyewe: siku ya Mwaka, sikukuu yao ya mwaka mpya, kwa kuwa siku hiyo atakuwa anapita nyumba hadi nyumba.

Nikajitolea kumpeleka Mzee Amuri. Shemeji yangu ana kigari cha kusambazia mkate, na mimi nina leseni ambayo haijapata kuchoka. Tena mimi msomi. Nimefika kidato cha nne, na historia ndilo somo pekee lililonipenda.

Asubuhi ya safari nilishika njia ya Bububu. Pale Mtoni, karibu na magofu ya kasri, nilipitwa na baiskeli iliyobeba majani ya ng'ombe. Mwenye baiskeli akageuka kunitazama, akanionea huruma. Nikapinda kuingia mashamba, na nilipofika Kizimbani nilimkuta Mzee Amuri kasimama kando ya njia, kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe, uso umeelekezwa kule anakosikia gari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nilidhani umelala njiani."

"Nimekuja mbio!"

"Mbio gani hizi, mwanangu? Kobe angekupigia honi."

Kutoka hapo mtu mwenye akili angekata kwa Mwera. Mimi sikuijua njia hiyo, nikarudi kwanza mjini ndipo nikaanza upya, jambo ambalo Mzee Amuri hakulisemea neno ila alicheka peke yake mpaka Amani. Mwanakwerekwe tukasimama sokoni kununua halua na sukari, maana mtu haendi Mwaka mikono mitupu. Kichwa kikaanza kuniuma. Sikumwambia mtu.

Tulipoipita Tunguu na nyumba zikaanza kuwa mbalimbali, nikamuuliza kuhusu Kionga. Jina nilikuwa nalijua, lakini kwa njia ya aibu. Skuli tulifundishwa ule mkataba wa amani baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwalimu alichora ramani ubaoni, akatuonesha vipi Mjerumani alinyang'anywa makoloni: Tanganyika kapewa Mwingereza, Rwanda na Burundi kapewa Mbelgiji. Halafu kulikuwa na kipembe kidogo kusini ya Ruvuma, Mjerumani alikuwa nacho, kikapewa Mreno. Mwalimu alijaribu kukichora kile kipembe akashindwa, kwa kuwa mstari wa chaki ulikuwa mnene kuliko nchi yenyewe. Akakifuta kwa kidole, tukaendelea. Katika mtihani nilikiandikia nusu mstari, nikapata alama yangu, nikala chakula cha mchana kwa raha.

"Ndicho hicho," akasema Mzee Amuri. "Hiyo nusu mstari yako ndiyo sisi."

Akanihadithia, na macho yake kayaelekeza mbele kama anayesoma njia. Babu yake alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita. Akaondoka kwake, akatembea nao nchi asizozijua, wenziwe wakafa kwa njaa na kuhara, yeye akasalimika. Vita vilipokwisha akarudi kwa miguu. Akamkuta mkewe palepale, minazi yake palepale. Ila kwenye nyumba ya serikali kakuta Mreno.

"Babu akamuuliza, 'Nyinyi mmekuja lini?' Yule Mreno akamuuliza, 'Wewe umekuja lini?'"

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaona bora niangalie njia.

Baba wa Mzee Amuri, aliyezaliwa kabla ya vita, akakulia humo. Kodi na kazi za shuruti zilipomzidi, akapanda jahazi na wenzake kuja Unguja kuchuma karafuu. Alisema atakaa msimu mmoja. Amezikwa Kizimbani.

Basi mimi, dereva na mwanahistoria, nikiwa na mfuko wa halua mapajani, nikawa najipigia hesabu moja isiyonipendeza. Babu wa baba yangu alitoka Kachi, huko Uhindini, ng'ambo ya bahari yote hii, na sijapata hata siku moja kuulizwa na mtu kiti cha kaunta nimekikalia kwa haki gani. Mzee Amuri, ambaye kwao ni mwendo wa kuvuka mto, ndiye mgeni. Na hakuna aliyemfanyia uovu kwa makusudi. Yule wa ofisini alikuwa mpole. Mwalimu wangu alikuwa mtu mzuri. Nadhani hata wale mabwana waliokaa Ulaya kugawana walimiminiana chai kwa heshima, na sidhani hata mmoja wao alijua kwamba Kionga kuna minazi.

Msitu wa Jozani ulitupokea kwa giza lake. Kima punju walikuwa wanavuka barabara, nikasimama kuwapisha, na katika kusimama huko nikaanza kumfunda.

"Sikiliza, Mzee. Bi Mize nshazungumza naye kwa simu. Atasema baba yako mtu wa Mikindani. Wewe kazi yako ni kunyamaza."

"Mikindani sijafika."

"Na Kionga umefika?"

"Sijafika."

"Sasa tofauti iko wapi? Zote hukuziona. Mikindani mji mzuri, una bahari, una misikiti, una kila kitu. Chukua Mikindani."

Kima wakamalizika, tukaondoka. Tulikuwa tumeshafika Kitogani, nishasahau nilichokisema, ndipo akasema: "Tofauti ni kwamba Kionga ndiko nnakotoka."

Makunduchi tuliingia jua likiwa limepanda. Kwa asiyewahi kufika siku ya Mwaka, nieleze kidogo. Wanaume wa mji hugawika pande mbili, wa kusini na wa kaskazini, wakapigana kwa vigogo vya migomba mpaka kila mwenye kinyongo kimtoke. Wanawake hupita wakiimba nyimbo zisizofaa kuandikwa na mtu mwenye duka. Kisha watu hupatana, vita vikaisha, wote wakaenda kula. Na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huona imepata nuksi, kwa hivyo mgeni hukamatwa njiani kama kuku.

Niliegesha kigari mbali na uwanja, nikamshika Mzee Amuri mkono. Tukapita pembeni, mimi nikiamini kwamba vita vina adabu. Kigogo kimoja cha mgomba kikanirukia kutoka kusini au kaskazini, sijui, kikanipata sikioni. Yule kijana aliyenipiga akaja mbio, mwili mzima majimaji ya mgomba, akanishika mabega.

"Samahani, mzee wangu! Nilikuwa namtaka yule nyuma yako!"

"Hakuna aliye nyuma yangu."

"Kakimbia. Una kinyongo?"

"Sina."

"Basi imekwisha," akasema, akanipa mkono, akarudi vitani. Mzee Amuri, ambaye hakuona vizuri lakini alisikia kila kitu, alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka vile.

Bi Mize alikuwa kakaa mkekani katika ukumbi wake, mdogo kama mtoto, kajifunga kanga mpya. Alimpapasa Mzee Amuri uso kwa viganja viwili.

"Amuri! Umezeeka vibaya."

"Na wewe, Bi Mkubwa, sikuoni vizuri, kwa hivyo kwangu bado mzuri."

"Mwongo kama baba yako. Na huyu Mhindi wa nani?"

"Wa Mkunazini, Bi. Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kaa karibu na mlango, mwanangu. Ukishiba usije ukakwama."

Tukaletewa wali wa nazi na samaki. Bi Mize akatuhadithia jinsi baba wa Mzee Amuri alivyokuwa akipanda mkarafuu bila ya kamba, na jinsi nokoa, mumewe, alivyokuwa akimtukana kwa hofu kutoka chini. Msimu mmoja alianguka, akavunjika mguu, na yeye Bi Mize ndiye aliyemchua kwa mafuta mwezi mzima. Nilifurahi. Nilisema moyoni, shahidi kama huyu hata mfalme angemkubali.

Baadaye akaingia sheha, mtu mnene mwenye sauti ya upole, kajishika tumbo. "Bi Mize, nakuomba kwa jina la Mungu, usinipe wali. Kila nyumba wananilisha." Akapewa wali. Akaula, kwa sababu siku ile kukataa hakuna. Alipomaliza akanawa, akajifuta, akasema haya, tufanye lililotuleta.

"Bi Mize, unamjua huyu?"

"Namjua tangu hajajua kuvaa."

"Na baba yake ulimjua?"

"Nimemchua mguu kwa mikono hii."

"Alitoka wapi?"

Bi Mize hata hakupepesa jicho. "Mtu wa Mikindani."

"Mikindani ya Mtwara?"

"Iko nyengine?"

"Basi," akasema sheha, na nikaona kafurahi kwa dhati. "Bi Mize akisema, pamesemwa. Nitawapigia wenzangu wa mjini kesho." Akaanza kujizoa ili asimame. Mimi nilishavuta pumzi, nishamwona Mzee Amuri ndani ya ndege, kakaa dirishani.

"Bwana Sheha, kaa," akasema Mzee Amuri.

Sheha akakaa.

"Bi Mize ananipenda. Lakini baba yangu mtu wa Kionga."

Nje watu wanapiga vigelegele. Sheha akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama sinia.

"Mzee," akasema polepole, "mimi nimekula sana leo. Wali umenipanda masikioni. Sikukusikia. Nasimama nakwenda zangu."

"Kionga," akasema Mzee Amuri, kwa sauti zaidi.

Hapo ndipo usomi wangu ulipoamka. "Lakini Bwana Sheha, baba yake alipozaliwa Kionga ilikuwa ya Mjerumani! Nchi moja na Mikindani, bendera moja! Mreno kapewa baada ya vita, katika kupatana! Kwa hivyo ukiangalia vizuri..."

"Na sasa iko wapi?"

"Sasa... Msumbiji."

"Basi kaka yangu, mimi sheha wa sasa."

Bi Mize akampiga Mzee Amuri kofi la gotini. Mkono ule mdogo ulilia kama kofi la kweli. "Mpumbavu wewe! Siku ya Mwaka watu wanaacha mambo yao ya nyuma, wewe ndiyo kwanza unayachimba! Unadhani Mungu hajui Kionga? Mungu anajua iliko. Hawa ndio wasiojua! Waambie wanachotaka, uende ukaone!"

"Bi Mkubwa," akasema Mzee Amuri, "nikitoka hapa nnakwenda kusimama mbele ya ile nyumba. Nisimame kwa jina la mji wa watu? Baba yangu nishamzika mara moja. Nisimzike tena Mikindani."

Sheha akavua kofia yake, akaipangusa, haikuwa na vumbi. "Nimesikia maneno mawili," akasema. "Nitayapeleka yote mawili. Siwezi kupeleka moja." Akaaga. Mlangoni akavaa kofia, akaondoka. Bi Mize alijifunika kanga usoni, na hatukumwona tena uso mpaka tulipotoka.

Alasiri tulipita tena karibu na uwanja. Vita vilikuwa vimeshakwisha. Yule kijana wa kigogo alikuwa kakaa na hasimu wake wanamenya chungwa moja. Nikawaonea wivu. Hawa wamepigana wenyewe, wamepatana wenyewe, na jioni kila mmoja anarudi kwake na kwake kupo palepale alipopaacha. Katika vile vita vingine, waliobeba mizigo ni watu kama babu wa Amuri, na waliokaa kupatana ni watu ambao hawakupigwa hata sikioni.

Tukashika njia ya kurudi. Upepo wa kusi ulikuwa umeleta mawingu, na Jozani ilikuwa nyeusi kabla ya wakati wake. Tulikuwa tunaitoka ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa Sharifa, kutoka Maskati. Mzee hasikii simu ila kwa sauti kubwa, kwa hivyo na mimi nilisikia.

"Baba, vipi? Imekuwaje?"

"Nimesema."

"Alhamdulillahi! Umesema nini?"

"Kweli."

Mimi nikapunguza mwendo, ingawa hapakuwa na mwendo wa kupunguza. Kisha tukamsikia analia, kilio cha mtu aliyeziba mdomo kwa mkono.

"Baba, na jicho je?"

"Jicho lipo lipo. Sikiliza, mwanangu. Nenda wewe. Ukifika pale usilie hivyo, machozi yatakuziba. Angalia sana. Halafu uje unambie."

Nilimteremsha Kizimbani magharibi inaingia. Nilitaka kumkamata mkono hadi mlangoni, akakataa, akasema njia hii miguu inaijua. Nilifika nyumbani kichwa kinaniuma na sikio limevimba. Zarina alinitazama, akayameza aliyokuwa ameyatayarisha, akanipa chai.

Jibu la mjini lilikuja baada ya muda, nalo lilikuwa la adabu vilevile. Kwa kuwa mwenyewe amekiri, basi aanze kwa kutambuliwa na nchi ya kwao. Mzee Amuri akaniuliza atambuliwe na nani huko, ilhali watu wa kumtambua wameshazikwa, na huko nako wataona baba yake aliondoka zamani. Nikampimia iliki akaondoka nayo, bila ya mzaha wowote, na mzaha ndio uliokuwa salamu yetu.

Mimi nimerudi barazani kwangu na sina hamu ya kutoka tena. Lakini kwa safari ile nimejua jambo ambalo mwalimu wangu hakulisema, au alilisema mimi natazama dirishani. Nilidhani mkataba wa amani hufa na waliotia saini, ukabaki kuwa swali la mtihani. Kumbe ule wa Kionga ni mzima wa afya. Nimeukuta Makunduchi, umekaa mkekani, unakula wali na sisi.

Sharifa alikwenda Umra peke yake. Alipotoka huko alikuja Unguja, na kabla ya kuja mjini alikwenda Kizimbani, na mimi nilikuwapo, nimepeleka sukari. Jicho la kulia wakati huo lilikuwa limebakiwa na mwanga wa mlango tu. Alimhadithia kila kitu: lile vazi jeusi na nyuzi zake za dhahabu, sakafu ya baridi, njiwa, watu wanavyozunguka kama maji. Mzee alisikiliza kainamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Sharifa alipomaliza, akamuuliza jambo moja tu.

"Pale mlangoni, walikuuliza kwenu wapi?"

"Kiwanja cha ndege waliniuliza, baba. Pale kwenyewe hakuna aliyeniuliza."

"Ndipo penyewe," akasema Mzee, akanyoosha mkono kuitafuta fimbo.